Je, nikimnyamazia kaka yangu nitakuwa nimeshindwa?

SWALI

Assalaam alaykum, Shehe wetu. Mimi ni mzaliwa wa Bombo, nina duka la jumla Kikuubo, Kampala. Tumezaliwa wanne: wanaume watatu, na dada yetu ndiye kitinda mimba. Tangu kaka yetu mkubwa arudi kutoka masomoni, hapiti siku bila kutushambulia kuhusu Maulidi na khitma tunayomsomea marehemu Mzee. Akituma ujumbe kwenye kundi la familia la WhatsApp, mimi namjibu, naye anarudi, mpaka usiku wa manane. Mwezi uliopita alivuka mpaka. Aliandika kwamba ninakula riba, na kwamba pesa ya matibabu ya Mzee haikutoka mfukoni mwangu. Yote mawili si kweli. Mama aliniita akaniambia, "Mwanangu, mnyamazie kwa ajili ya Mungu." Lakini wenzangu wa dukani wanasema mwenye haki akinyamaza amekiri. Je, kunyamaza huku ni imani au ni woga? Mimi si mtu wa shari, Shehe. Hata ile mizigo minane, yaani vyumba vya kupangisha, aliyoacha Mzee nimeinyamazia: miaka minne sasa kodi tunagawana sisi wanaume, mama tunampa matumizi, na dada hapati kitu kwa kuwa kaka anasema ameolewa. Sikutaka ugomvi. Ila hili la kuitwa mla riba linanichoma.

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali ambalo nimeulizwa na wengi: nijibu au ninyamaze? Niliporudia, nikakuta mwishoni umetaja jambo kwa haraka, kama mpita njia anayetoa salamu bila kusimama, na jambo hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nitalifikia. Nianze na uliloliuliza, maana ndilo linalokuchoma, na mtu anayeungua hasikii maneno mengine mpaka moto uzimwe.

Mama yako hakusema hivyo kwa kuchoshwa na kelele zenu tu. Neno lake lina asili. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Abu Umama kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema yeye ni mdhamini wa nyumba pembezoni mwa Pepo kwa mtu aliyeacha mabishano, ijapokuwa ana haki. Simama kidogo hapo penye "ijapokuwa ana haki". Aliyekosea akiacha kubishana amefanya lililompasa, hajatoa kitu chake. Mwenye haki ndiye anayetoa. Hoja anayo mkononi, anajua akiitamka mwenzake atainamisha kichwa mbele za watu, kisha anaimeza kwa kuwa Mola wake anamwona akiimeza. Wenzako wa Kikuubo wamekuambia lugha ya soko: bei isiyopingwa imekubaliwa. Sokoni ni kweli. Baina ya ndugu wawili, si kweli.

Lakini tuelewane ni mabishano gani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alihesabu maafa ishirini ya ulimi na kuyaweka mabishano miongoni mwake. Akaeleza kwamba ni kuyaandama maneno ya mwenzio ili kuonyesha kasoro iliyomo, bila haja nyingine ila kumdunisha yeye na kuonyesha werevu wako. Kwa hiyo si kila kujibizana ni mabishano. Mwanafunzi akiomba dalili, akapewa, akauliza tena, hao wanasoma. Qur'ani yenyewe, katika Surat an-Nahl aya ya 125, inaamrisha kujadiliana na watu kwa njia iliyo bora. Sasa jiangalie wewe, saa sita za usiku, mkeo amelala, wewe umeshika simu unatafuta Hadithi ya kumpiga nayo kaka yako. Ulikuwa unatafuta nini? Kama angekuandikia, "Ndugu yangu, umenishinda," ungefurahi kwa kuwa ameiona haki, au kwa kuwa ameshindwa mbele ya mama na shemeji zenu? Sikuulizi ili nikuaibishe. Nami niliwahi kujiuliza hivyo, na jibu nililolikuta moyoni halikunipendeza.

Nilikuwa kijana, nafundisha madrasa. Siku ya 29 ya Ramadhani nilibishana na mwalimu mwenzangu juu ya mwezi wa Idi: tufuate ulioonekana hapa kwetu, au tufuate tangazo la Makka? Mimi nilikuwa na vitabu vingi kuliko yeye. Nilivifungua kimoja baada ya kingine mbele ya wanafunzi, sote tukiwa na saumu vinywani. Mwishowe alinyamaza. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika. Siku ya Idi hakuja pale tulipozoea kula pamoja, na watoto wake wawili hawakurudi tena kwenye darasa langu. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Sote wawili tunaijua Hadithi isemayo kwamba aliyefunga, akitukanwa au akigombezwa, aseme, "Mimi nimefunga." Mimi niliwafundisha watoto Hadithi hiyo. Yeye aliitekeleza.

Suala lenyewe la Maulidi hukuniuliza, na sitalitolea hukumu hapa. Wanazuoni wameliandikia, na kaka yako na wewe mnaweza kulisoma kwa mwalimu mmoja mkiwa mmekaa mkeka mmoja, kama mkitaka kusoma. Nachelea tu njia mliyoishika, kwa sababu Waislamu wa nchi hii tunaijua inakofika. Katika miaka ya 1920 wazee wetu wa Buganda walipasuka juu ya swali moja: baada ya swala ya Ijumaa, je, mtu aswali tena Adhuhuri, au Ijumaa inatosha? Ni swali la kielimu, lina majibu yake vitabuni. Lilipotoka vitabuni likaingia majumbani, kukawa na watu wa Juma na watu wa Juma-Zukuli, yaani Ijumaa pamoja na Adhuhuri, viongozi mbalimbali, misikiti mbalimbali, na ufa ule uliwasumbua Waislamu kwa miaka mingi. Ukiwauliza vijana wa leo hoja za kila upande, wengi hawatakuambia. Waliorithi ni ufa.

Narudi kwenye moyo wa swali lako, imani au woga. Najua unachokiwaza: mimi nikinyamaza, nani atanitetea?

Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Said bin al-Musayyib kwamba Mtume alikuwa amekaa na Masahaba zake, mtu mmoja akamtukana Bwana Abubakari. Abubakari akanyamaza. Akamtukana mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu Abubakari akajibu. Hapo Mtume akainuka. Abubakari akamuuliza, "Umenikasirikia, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu?" Akamwambia kwamba alikuwapo malaika aliyeshuka kutoka mbinguni akimkadhibisha yule mtu kwa kila alilosema, na Abubakari alipojibu mwenyewe, shetani aliingia, naye Mtume hakai mahali alipo shetani.

Angalia kwamba Abubakari hakusema uongo. Alijibu mara moja tu, baada ya kuvumilia mara mbili. Ni mtu bora wa umma huu baada ya Mtume wake. Hata hivyo neno lake lilikuwa kama la mtu mwenye wakili mzuri mahakamani, naye anamkatiza wakili wake katikati ya maelezo na kuanza kujisemea. Hiyo ndiyo tofauti ya imani na woga, ndugu yangu. Mwoga ananyamaza kwa kuwa anamwogopa anayesema naye. Mwenye imani ananyamaza kwa kuwa anaamini kuna anayejibu, na kwamba anajibu vizuri zaidi yake. Kwa nje mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Mama yako hawezi kuyatofautisha, wala kaka yako, wala mimi. Unayajua wewe peke yako, na Aliyekuumba.

Alama moja nitakupa, niliyoiona kwa watu waliokuja kwangu na magomvi ya nyumbani. Aliyewakilisha jambo lake kwa Mungu kweli, hulala. Ambaye amefunga mdomo tu huendelea kubishana ndani: anapanga majibu akioga, anayasema peke yake ndani ya teksi, mkewe anamwita mara mbili hasikii. Ukijikuta hivyo usikate tamaa, wala usijiite mnafiki. Simama uswali rakaa mbili, umwambie Mola wako maneno yote uliyotaka kumwambia kaka yako, yote, hata makali. Nabii Yaakub alipozidiwa alisema kwamba anashitaki sononeko lake na huzuni yake kwa Mwenyezi Mungu. Kushitaki huko si kukosa subira.

Kipo pia kimya kibaya kinachojificha nyuma ya hiki kizuri. Mtu anatoka kwenye kundi la familia ili waone ametoka. Anasalimia wote barazani, akifika kwa mmoja anarekebisha kanzu. Haandiki neno kwa nduguye, lakini kila asubuhi anaweka aya za wanafiki kwenye ukurasa wake wa simu, na kila mtu anajua zinamwendea nani. Kiswahili kina neno lake: kununa. Hakuna ibada ndani ya kununa. Mtume amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na akasema mbora wao ni yule anayeanza salamu. Kwa hiyo unapoambiwa umnyamazie kaka yako, maana yake unyamazie hoja yake. Yeye mwenyewe endelea kumjulia hali. Muulize mtoto wake aliyekuwa na malaria amepona? Akituma ujumbe wa Maulidi asubuhi, adhuhuri mpigie umuulize kama mvua imenyesha kwao. Atashangaa. Huenda akadhani ni mbinu. Endelea.

Sasa tuhuma. Hizi ni jambo jingine, wala usizichanganye na Maulidi. Kuitwa mla riba, wewe uliye mfanyabiashara, kunagusa dini yako na riziki yako pia. Hapa nakutuma kwa Nabii Yusuf, kwa sababu yeye alituhumiwa na ndugu zake wa baba mmoja, na kwa sababu katika sura yake moja utamwona akinyamaza na utamwona akisema, na kila kimoja kina mahali pake.

Mke wa bwana wake alipomsingizia mlangoni, Yusuf hakunyamaza. Alisema neno moja fupi, katika aya ya 26: yeye ndiye aliyenitaka. Hakueleza mangapi alivumilia kabla ya siku hiyo, wala hakumtukana. Baadaye, akiwa gerezani, mfalme alipomwita atoke, alikataa kutoka mpaka waulizwe wale wanawake waliojikata mikono, ili ijulikane hakuwa na hatia. Angeweza kusema Mungu anajua, yanatosha. Lakini alikuwa anakwenda kushika hazina ya Misri, na watu wana haki ya kujua kwamba aliyeshika ghala lao si mwizi wala mhaini. Kisha njoo kwenye aya ya 77. Ndugu zake wamesimama mbele yake, hawamtambui, wanasema: kama huyu ameiba, basi ndugu yake naye aliwahi kuiba. Wanamsema yeye, mbele ya macho yake! Naye siku hiyo ana mamlaka, ana askari, neno lake moja lingewaangusha kifudifudi. Qur'ani inasema aliliweka moyoni mwake wala hakuwadhihirishia. Kwa nini safari hii alinyamaza? Kwa ninavyoielewa mimi, tuhuma hii haikuzuia haki ya mtu yeyote. Ilimuumiza yeye peke yake, na cha kwake aliweza kukisamehe.

Basi nawe fanya hivi. Jibu mara moja. Andika kwenye kundi kwa upole: "Kaka, biashara yangu haina riba, na risiti za hospitali ninazo. Anayetaka kuziona aje dukani au nyumbani, karibu sana." Usiseme yeye alitoa kiasi gani. Usikumbushie aliyokukosea zamani. Ukishaandika hayo, umemaliza. Akirudia mara kumi, usiandike la pili, kwa sababu la pili halitaongeza ukweli, litaongeza joto tu. Na kama kweli kuna mkopo wa biashara uliouchukua ambao masharti yake huyaelewi vizuri, nenda kwa mtu anayejua fiqhi ya biashara akutazamie mkataba. Usifanye hivyo kwa ajili ya kaka yako. Fanya kwa ajili yako.

Hadi hapo nimejibu ulichoniuliza. Ruhusa yako naiomba nijibu ambacho hukuniuliza.

Umeandika kwamba wewe si mtu wa shari, na ushahidi ulioutoa ni kwamba umenyamazia kodi ya mizigo minane. Ndugu yangu, huo si ushahidi wa utulivu wako. Kwenye heshima yako umepiga kelele mwaka mzima, na kwenye haki ya dada yako umenyamaza miaka minne. Umeyageuza. Kile ambacho Sharia ilikuruhusu ukisamehe, maana ni chako, umekipigania. Kile ambacho hukuruhusiwa kukisamehe hata kidogo, maana si chako, umekiacha kipite, ukakiita amani.

Tuna methali tunayoipenda mno katika mambo haya: funika kombe mwanaharamu apite. Nimeisikia kwenye vikao vingi vya mirathi, na mara nyingi aliyekuwa anaisema alikuwa ameketi juu ya kombe.

Hebu tuhesabu, kwa sababu katika mirathi Mwenyezi Mungu hakutuachia makisio, alitaja mafungu kwa tarakimu. Nachukulia kwamba babu na bibi yenu, wazazi wa Mzee, walitangulia kabla yake, na kwamba madeni na wasia vimeshatolewa. Mama yenu, akiwa mjane wa mtu aliyeacha watoto, ana thumuni, moja ya nane: Surat an-Nisaa, aya ya 12. Kinachobaki ni chenu watoto, mwanamume sawa na fungu la wanawake wawili, kwa aya ya 11. Ninyi wanaume watatu mna mafungu sita, dada yenu fungu moja, jumla saba. Mizigo ni minane, na tuseme kodi zake zinalingana. Mmoja wa mama. Miwili yako, miwili ya kaka mkubwa, miwili ya ndugu yenu wa kati. Mmoja wa dada yenu. Mzee wenu, Mungu amrehemu, ameacha mali inayogawanyika bila kukata hata ukuta mmoja, nanyi bado mmeshindwa kuigawa.

Kaka yako anasema dada ameolewa. Ni kweli, na ndiyo sababu moja wanazuoni wanayoitaja ya fungu lake kuwa nusu ya lenu: mahari na matumizi ya nyumba viko shingoni mwa mwanamume. Kuolewa kwake kumekwisha hesabiwa. Mkimnyima na hiyo nusu kwa hoja ileile, mnaikata mara ya pili. Na mama yenu msimhesabie "matumizi". Kumtunza ni wajibu wenu wa watoto, thumuni yake ni haki yake, na hivi viwili havilipani. Mzigo mmoja ni wake, aufanye apendavyo, ampe hata jirani.

Sikujua kodi za Bombo zikoje siku hizi, nikamuuliza mtu. Tuseme mzigo mmoja ni shilingi 80,000 kwa mwezi, wewe utaweka tarakimu yenu halisi. Miezi 48 ni shilingi 3,840,000. Hizo ni za dada yenu, na ziliingia mifukoni mwenu watatu. Fungu lako katika hilo deni ni 1,280,000. Naliita deni kwa sababu ndivyo lilivyo: wewe leo, ukiwa dukani kwako, una pesa ya mtu. Riba uliyotuhumiwa nayo huna, nakuamini. Lakini kula mali ya ndugu kwa batili nako Qur'ani imekukataza.

Usidhani nakukaripia kwa furaha. Naandika kwa uchungu, kwa sababu nimewaona akina dada wengi waliofanyiwa haya na kaka zao wanaoswali safu ya mbele, na wao wakaambiwa wasubiri, wasivunje undugu. Subira ni ya mwenye kudhulumiwa akitaka. Haiwezi kuamrishwa na aliyemdhulumu. Kuna sura nzima katika Qur'ani, ya 58, iliyopewa jina kwa ajili ya mwanamke aliyejadiliana, Khawla bint Thaalaba, aliyekuja kwa Mtume kulalamika juu ya mumewe. Malalamiko yake hayakupuuzwa. Sura inaanza kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ameyasikia maneno yake.

Na dini yenyewe ilivyofika nchi hii, kumbuka. Mwaka 1844 Ahmad bin Ibrahim, mfanyabiashara kama wewe, alifika katika baraza la Kabaka Suuna II, mfalme wa Buganda. Inasimuliwa kwamba Kabaka alipoamrisha watu wauawe, mgeni yule alisimama mbele yake akamwambia kwamba watu hao, na yeye Kabaka mwenyewe, wameumbwa na Mungu mmoja, na kuwaua hivyo ni kosa. Mgeni, ugenini, mbele ya mfalme ambaye kwa ishara moja angeweza kumuunganisha na wale waliokuwa wanapelekwa kuuawa. Bila shaka naye alikuwa na mambo yake mengi ya kulalamikia, ushuru, safari, bidhaa zilizopotea njiani. Neno lililobaki katika kumbukumbu ya nchi hii ni lile alilolisema kwa ajili ya watu wengine.

Kwa hiyo Hadithi uliyoizoea, "aseme kheri au anyamaze", isome ilivyopangwa. Kusema kheri kumetangulia.

Utalisemaje jambo hili bila kurudi kwenye yaleyale? Si kwenye WhatsApp. Omba kikao, na mwombaji awe mama, kwa kuwa naye ana haki yake humo na nyote mnamheshimu. Mwite imamu wa msikiti wenu na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, ili yatakayokubaliwa yaandikwe na kuwekwa sahihi. Mwende na daftari la kodi. Kikaoni usiguse Maulidi, usiguse riba, usimwambie kaka yako kwamba msomi mzima hajui mirathi, hata ulimi ukiwasha. Anza na lako: sema umekula fungu la dada yako, umetubu, unalirudisha, na kuanzia mwezi huu hutapokea zaidi ya kodi ya mizigo miwili. Kaka yako anajua aya hizo kuliko wewe. Akiona umelipa bila kumshambulia, hatakuwa na kitu cha kupinga isipokuwa aya yenyewe, na sidhani kama atathubutu. Akikataa kabisa, lipelekeni kwa kadhi wa wilaya. Katiba yetu ya 1995, katika kifungu cha 129, imeitaja mirathi miongoni mwa mambo ya mahakama za makadhi. Na kama hamjawahi kuomba mahakamani hati ya kusimamia mali ya marehemu, ombeni sasa, mkianzia ofisi ya serikali inayosimamia mali za marehemu. Mkingoja mpaka mmoja wenu afe, wajukuu watarithi mkanganyiko. Kufuata haki ya mtu kwa njia za sheria, bila matusi, hakuko katika mabishano tuliyokatazwa. Ghazali mwenyewe alimtoa katika lawama aliyedhulumiwa anayedai haki yake bila kupindukia, ijapokuwa aliona ni salama zaidi kuacha akiweza. Wewe huwezi kuacha, kwa kuwa anayedai si wewe.

Kabla ya kikao, kabla hata ya kumwandikia kaka yako zile sentensi mbili, mpigie dada yako. Usimpigie kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi. Mwambie ulijua, ukanyamaza, unamwomba radhi. Huenda akalia. Huenda akakuambia mambo ya miaka minne, karo aliyoikosa mtoto, siku aliyokuja kwenu na kikapu mkadhani amekuja kusalimia tu. Mengine yatakuwa si ya haki, atakulaumu hata kwa yasiyokuhusu. Utataka kujieleza, kwamba ilikuwa kaka, kwamba hukutaka ugomvi. Hapo ndipo unyamaze, ndugu yangu. Kimya kile ambacho mama alikuomba kwa ajili ya Mungu, kianzie hapo, kwa mtu mwenye haki juu yako. Mwache aseme mpaka amalize, kisha muulize kodi ya mwezi huu aitumiwe kwenye namba gani.